Upande wa Chini wa Jani la Muhogo

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwezi wa nane, mama alinipa jani la muhogo lililofungwa kwenye pindo la khanga kuukuu, akaniambia nimpelekee mume wangu. Saa naikumbuka kwa sababu kengele ya kazi za pamoja, ambayo ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mbele ya ofisi ya kijiji, iligongwa saa mbili kamili. Nilikuwa na dakika hizo kumi za kumkuta mume wangu ghalani. Yeye alikuwa karani wa ghala la kijiji, na ndiye aliyetunza dawa zote za mimea.

Mama angeweza kwenda mwenyewe, kwani hapakuwa mbali. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Hawali pamoja, hawazungumzi ana kwa ana, na mkwe hakanyagi shamba ambalo mama mkwe amelitia jembe. Maneno yao yote yalipita kwangu. Nilibeba salamu, nilibeba mboga, na asubuhi ile nilibeba jani.

Lazima nieleze muhogo wenyewe. Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, na mimi pia. Vita vilipochachamaa na ndege za Wareno zikaanza kuchoma vijiji, baba alikata vijiti vya muhogo, akavifunga kwa kamba ya miyombo, akamtwika mama kichwani. Akamwambia, "Tangulieni na mbegu. Mimi nafuata." Muhogo huo ulikuwa wa kwao baba, mama yake ndiye aliyemwachia. Kikonyo cha jani kilikuwa chekundu, ganda la mzizi jembamba, na ukiuchemsha ulipasuka na kuwa mweupe kama pamba. Ulikaa ardhini hata miaka miwili bila kuwa mgumu.

Baba hakufuata. Tulisubiri kwenye kambi upande wa huku, mimi nikiwa msichana mdogo mwenye upele kuanzia vidole hadi makalio, kama watoto wote wa kambi ile. Mama alininunulia kibiriti upele dukani, ule unga wa manjano wenye harufu ya kitu kilichooza. Aliuchanganya na mafuta ya nyonyo, akanipaka jioni baada ya jioni hadi ngozi ikarudi. Unga uliobaki aliuweka katika kopo la maziwa lenye kifuniko, na kopo hilo likahama nasi kila tulipohama. Baadaye mtu mmoja aliyevuka mto akatuletea habari kwamba baba alizikwa pembeni mwa shamba lake, pale pale alipokata vijiti.

Tulifika hadi uwandani, kule juu kwenye njia ya kutoka Newala kwenda Kitangari, na hapo nikaolewa. Baadaye ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama madawati, na kila kaya ikapimiwa kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Mama aling'oa muhogo wake kule tulikokuwa, akaupanda upya. Watu waliouonja waliuita muhogo wa ng'ambo, wakaja kuomba vijiti. Mama hakumpa mtu. Alisema, "Nitawagawia nikishamrudishia mwenyewe." Watu walimwona mchoyo.

Mwaka ule vita viliisha. Ikatangazwa kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi kwao waandikishwe, na malori yatawachukua mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaharibu barabara. Mama aliandikishwa siku ya kwanza. Hakuwa na shaka ya kurudi, wala hakuomba kitu kingine. Alitaka kurudi na mafungu ya vijiti vya muhogo ule, avipande pembeni mwa kaburi. Aliniambia hivi mara moja tu, tukiwa tunamenya: "Baba yako alinituma. Mtu akikutuma, unarudi na kitu alichokutuma nacho."

Basi, majani ya muhogo huo ndiyo yaliyoanza kuharibika mwezi wa nane.

Yalianzia nchani. Majani machanga yalitoka na madoa madogo ya manjano, kama yamechomwa kwa ncha ya sindano. Kisha yakawa madogo na kujikunja, kisha yakapukutika. Shina likabaki wazi na kishada kidogo juu, kama mshumaa. Mama alikuwa amekwisha chagua mashina ya kukata mbegu, akayafunga vitambaa vyekundu, na hayo nayo hayakusalimika.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimakua, alikuwa mtani wake. Alisimama mpakani, mikono kiunoni. "We mkimbizi! Umezoea kukimbia, sasa na mihogo unaifundisha?"

"Nyamaza, Mmakua we. Mashavu hayo nani kayajaza? Si mihogo yangu unayoiba?"

"Siibi, naonja. Nikionja nikifa utasema nimelogwa na Mreno."

Walicheka. Mama aliacha kucheka mapema kidogo kuliko mwenzake.

Asubuhi ile ghalani nilifungua pindo la khanga mbele ya mume wangu. Jani lilikuwa limesinyaa tayari, maana mama alilichuma alfajiri, nami nilikuwa nimetembea nalo juani. Alilipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokewa mkwe mwenyewe.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Nami mwambie shikamoo. Mwambie nimepokea."

Alilikunjua jani juu ya meza ya kupimia korosho. Kutoka kwenye mkunjo akatoka mdudu mweusi, mdogo kuliko mbegu ya ufuta, wa mviringo, mwenye mgongo mgumu unaong'aa. Alikwenda mbio mezani. Mume wangu akamfunika kwa kidole.

"Mwizi wetu huyu hapa," alisema. Alifurahi kwa dhati. Alimpenda mama, na hakuwahi kuwa na njia ya kumwonyesha.

Alimweka mdudu katika kiberiti kitupu. Siku chache baadaye bwana shamba alipita kwa pikipiki, na yeye akaonyeshwa kiberiti. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mwenye kata nyingi za kuzungukia na petroli ya kubahatisha. Alimtazama mdudu, akakubali. Kwa mdudu wa namna ile dawa ilikuwa didiiti ya unga, ile inayoandikwa DDT, na ilikuwepo ghalani. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa kilichokuwamo ndani ya kiberiti.

Mama alitia unga ule kwenye soksi kuukuu, akawa anaitikisa juu ya mihogo alfajiri, umande ungalipo ili unga ushike. Kesho yake wale weusi walikuwa wamelala chini ya mashina, miguu juu, wengi. Mama alinipa kuku jike nimpelekee mkwe wake kwa shukrani. Mume wangu hakukubali tumchinje. Alisema kuku huyo ataatamia kwanza.

Wiki mbili baadaye shamba lilikuwa baya kuliko mwanzo. Mashina yaliyokuwa bado na majani yaliachwa matupu. Nilirudi ghalani, nikapewa unga mwingine. Mama akanyunyiza tena. Mimi mwenyewe niligeuza jani moja nikatazama upande wa chini. Niliona vumbi, vumbi jepesi lenye weupe na ukijani, limejaa kando ya mishipa ya jani. Nilidhani ni unga wa dawa. Nilifurahi kwamba umeingia hadi huko.

Hapo ndipo mama alipoanza kuosha. Uwandani kwetu hakuna mto. Maji tuliyafuata bondeni, tukishuka gengeni asubuhi na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa kali, na maji ya kunywa yenyewe hayakutosha. Katika ndoo yake mama alianza kutenga bakuli moja. Alikwenda kwenye yale mashina yenye vitambaa vyekundu, akainamisha ncha moja moja ndani ya bakuli na kuisugua kwa kidole gumba, juu na chini, kama anavyomnawisha mtoto uso. Hakunieleza kwa nini. Nadhani aliona unga unaunguza.

Mashina aliyoyaosha yalichipua. Majani yalitoka madogo, lakini yalitoka mazima. Nilimwambia mume wangu jioni ile.

"Kwa hiyo dawa imeanza kufanya kazi," alisema.

"Ni yale aliyoyaosha tu."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri. "Basi mwambie asioshe. Anaiondoa dawa kabla haijamaliza kazi. Mwambie avumilie kidogo."

Nilimpelekea neno hilo mama akiwa ameinama na bakuli lake. Alinyoosha mgongo. Neno la mkwe halibishiwi. Mtu anaweza kubishana na mumewe, na mwanawe, hata na mwenyekiti wa kijiji, lakini mkwe akisema, unaitikia. Angekuwa mume wangu amesimama pale mbele yake, labda angesoma kitu usoni mwake. Alikuwa ghalani.

"Mkwe kasema?"

"Kasema."

"Haya."

Maji yaliyobaki kwenye bakuli aliyanywa, na hakuosha tena.

Mwezi wa kumi, ncha zikiwa zimekauka hata kwenye mashina ya vitambaa, nilimwomba mume wangu aje aone kwa macho yake.

"Unataka nivuke mpaka wa mkwe?"

"Atakuwa amekwenda bondeni. Hatakuona."

"Na akiniona?"

"Hatakuona, baba. Foleni ya maji unaijua."

Alikubali kwa shida. Tuliingia shambani kama wezi, yeye akitembea kwa ncha za vidole ilhali hapakuwa na mtu wa kumsikia. Alifika kwenye shina la kwanza, akapiga goti moja, akanyoosha mkono kushika jani. Wakati huo huo mama akatokea kwenye kona ya nyumba. Kisima kilikuwa kimekauka, akarudi na ndoo tupu.

Mama alipiga yowe, akajifunika uso kwa khanga, akageuka. Mume wangu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akakimbilia upande wa mpaka. Kiatu chake kimoja cha matairi kilibaki kwenye tuta. Yule Mmakua alikuwa akichambua mboga uani kwake. Alicheka hadi akakaa chini.

"Mkimbizi, njoo! Mkwe wako naye kakimbia! Ukoo mzima mbio!"

Tulitoa faini, kitambaa na kuku. Kuku alikuwa yule yule aliyekuja kwa shukrani, akarudi alikotoka. Mama alimpokea kwa heshima zote, na jambo likaisha kama yanavyoisha mambo ya aina hiyo, kwa makubaliano kwamba halitarudiwa. Mume wangu hakuwahi kuligeuza lile jani.

Malori yalikuja kabla ya mvua. Asubuhi ya siku hiyo mama alikata vijiti. Badala ya mafungu alipata kifungu kimoja chenye unene wa mkono wangu. Mafundo yalikuwa yamebanana, ngozi imesinyaa, na ukikwangua kwa ukucha ukijani ulikuwa mwembamba kama uzi. Alikifunga kwa khanga yake mpya. Mizizi aliichimbua bila kung'oa mashina, akawagawia watu, kwani vijiti alivyowaahidi havikuwepo. Mmakua alipewa mingi kuliko wote, akalia bila kutania.

Mume wangu alisimama mbali, nyuma ya mti wa mkorosho, amegeuza uso kwa adabu. Mama akiwa ameshapanda alinipa lile kopo la maziwa.

"Kaa nalo. Watoto wakitoka upele, uwapake."

"Na huko hakuna watoto?"

"Huko nakwenda kwa mtu mzima."

Kopo lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Lori likaondoka kuelekea mtoni, naye amekipakata kifungu chake mapajani, hakukiweka chini pamoja na mizigo ya watu.

Mvua zikanyesha. Kipande chake cha shamba kilipewa kaya nyingine, ikang'oa visiki, ikachoma na kupanda karanga. Mashina ambayo pengine yangechipuka kwa mvua yaliungua siku hiyo. Sikujua cha kuomba, na sikuwa na haki ya kuomba.

Baada ya mavuno mtu mmoja aliyekwenda kusalimia ndugu zake ng'ambo alirudi na ujumbe wa mama. Aliutoa kama alivyopewa, amesimama, akiwa amefumba macho ili asikosee: "Mwambie mwanangu nilifika. Pale mahali nilipaona. Ile mihogo haikuota. Nimempandia mtama. Asimlaumu mkwe wangu, dawa yake ilikuwa nzuri, ilikuwa bahati yangu." Mwaka uliofuata habari iliyovuka mto ilikuwa ya msiba. Alizikwa karibu na baba.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Mengine nimejisomea: vitabu vya elimu ya watu wazima, vipeperushi vya kilimo vilivyofungiwa sukari, na kitabu kimoja cha wadudu waharibifu ambacho mwalimu mmoja aliyehama shule ya Chidya aliuza kwa vile hakikumwingia mzigoni. Nilikinunua kwa sababu ya picha moja. Ilikuwa ya vumbi jepesi lenye weupe na ukijani kando ya mishipa ya jani la muhogo, limekuzwa, na lilikuwa na miguu.

Kilichokula muhogo wa mama kilikuwa utitiri, jamaa ya buibui na kupe, mwenye miguu minane. Ni wa jamii moja na yule anayewajaa kuku kwenye kiota. Hukaa upande wa chini wa jani changa na kufyonza, na kiangazi huzaliana upesi sana. Mvua ikimpiga huanguka, ukimwosha huondoka. Jani likinyauka mkononi mwa mtu huhama, au hukauka asionekane. Kwa hiyo jani nililobeba juani halikumfikisha ghalani. Lilimfikisha yule mweusi mwenye mgongo mgumu, ambaye kitabu kilimchora akiwa na utitiri mdomoni. Ndiye aliyekuwa anawala. Ni mdudu wa miguu sita, na didiiti huvuruga mishipa ya fahamu ya wadudu, wakatetemeka na kufa. Utitiri haimdhuru kwa kiasi cha kutosha, na mayai yake hayaguswi. Tulipoinyunyiza tuliua walinzi na kuwaachia wezi nyumba.

Hayo niliyasoma nikayaelewa, nikaamini kwamba wakati ule dawa yake haikuwepo kwetu. Imani hiyo ilinisaidia kwa miaka kadhaa.

Kisha ubwiriunga ukaingia kwenye mikorosho, ule ukungu mweupe unaochoma maua, na serikali ikaleta salfa. Magunia yalishushwa ghalani, vijana wakafundishwa kupuliza kwa mashine za mgongoni alfajiri. Sisi wenye mikorosho michanga tulikuwa tumepanda mihogo katikati ya mistari, mihogo ya kawaida, nayo kiangazi kile ilikuwa na madoa ya manjano. Salfa ilianguka kwenye mikorosho na kwenye mihogo pia. Baada ya wiki chache nilipita nikisafisha nyasi, nikaona ncha za mihogo iliyokuwa chini ya mikorosho zimefunguka, kijani. Ile ya upande wa pili wa njia, isiyopulizwa, ilikuwa mishumaa. Nikageuza majani, ya huku na ya kule. Wale weusi wenye mgongo mgumu walikuwa wanatembea chini ya majani yaliyopona, hawakudhurika sana. Salfa humshika utitiri na ukungu, na jua likiwaka hutoa mvuke unaoingia hata chini ya jani. Wadudu wengi huiona kama vumbi tu.

Nilikwenda ghalani kutazama gunia. Mume wangu, ambaye siku hizo alikuwa na mvi, alinikatia uzi wa mdomo. Ulikuwa unga wa manjano. Niliinama, harufu ikanipanda, na nilikuwa msichana wa kambini mwenye mikono imepakwa mafuta ya nyonyo.

"Nini?" aliuliza.

"Kibiriti upele," nilisema.

Alichota kidogo, akanusa, akanitazama. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Na upele wenyewe, kitabu kilisema ukurasa mwingine, ni utitiri anayechimba ngozi ya mtu. Mama alikuwa ameutibu mwilini mwangu kwa unga ule ule aliouweka kwenye kopo, hatua chache kutoka kwenye mashina ya vitambaa vyekundu. Lingeongezwa kidogo tu, lingetosha ncha zote alizokuwa akiziosha.

Mume wangu alikaa juu ya gunia. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa salamu, "Mwambie shikamoo." Kisha akakumbuka kwamba hapana wa kumpelekea.

Kopo bado ninalo. Wanangu walitoka upele, nikawapaka, likapungua, nikaliongeza. Muhogo wa ng'ambo nimeutafuta Mnyambe na Masasi, na watu wawili wamevuka kunitafutia upande wa pili. Wenye kikonyo chekundu upo, lakini ukichemshwa haupasuki.

Wakati ule duka la kijiji liliuza kibiriti upele kwa kijiko, senti ishirini. Nimepiga hesabu ya kuyapaka mashina yale ya vitambaa mara tatu hadi mvua. Baada ya kutoa kilichokuwa ndani ya kopo, ilibaki kununua kwa shilingi nne na senti themanini.